Mashavu ya Chepngeno

Shamba la Bwana Kofia,
Posta ya Njoro.
20 Julai 1958

Mpendwa ndugu yangu Kipsang,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote, na uwagawie wifi yangu Jepchumba na watoto huko Tabora kabla hujazimaliza peke yako. Hamjambo? Homa ya wifi imepona? Sisi hatujambo. Goti la Mama linamsumbua wakati huu wa baridi, lakini mdomo wake ni mzima kabisa. Mvua imenyesha vizuri, na ngano ya Bwana Kofia imefika kiunoni.

Sasa nikupe habari za binti yako, maana najua ndizo unazotafuta.

Barua yako ya Pasaka niliisoma mara tatu. Uliandika kwamba katika ile picha ya Chepngeno unaona mifupa mitupu, ukaniuliza mashavu ya mtoto wako yamekwenda wapi. Ukasema nimpe chakula cha kisasa, mkate na chai ya sukari, wala nisimchoshe. Asiponenepa, Desemba utakuja kumchukua akae nanyi Tabora. Kipsang, siku hiyo sikula. Unajua Mungu hakunipa mtoto. Huyu mlimwacha kwangu akiwa na miaka sita ili asome hapa, leo ana kumi na miwili, na ni yeye peke yake duniani anayeniita Senge, yaani shangazi. Akiondoka, nitabaki na kuta.

Basi nikaanza kazi ya kutafuta mashavu. Kila asubuhi mkate mweupe wa dukani, jamu inachuruzika, na chai ya vijiko vinne vya sukari. Uji wa wimbi nikaupiga marufuku. Mursik pia, nikisema maziwa ya kibuyu yenye weusi wa mkaa ni chakula cha watu wa zamani. Mama aliendelea kukisugua kibuyu chake ndani kwa kijiti cha moto, na wewe unajua Mama akisugua hivyo kuna jambo.

Tena nikamkataza kukimbia. Zamani alikuwa akitoka hapa umande haujakauka, maili nne mpaka shuleni, mbio, na jioni mbio tena, kisha anashuka bondeni kuwaleta mbuzi. Nikamwomba mzee Joash, anayepeleka maziwa ya shamba stesheni kwa gari la ng'ombe, awe anambeba. Binti yako akawa anakwenda shule ameketi katikati ya mikebe ya maziwa kama bibi arusi. Mbuzi nikawafuata mwenyewe, na aliyekonda ni mimi!

Mashavu yakaja. Kusema kweli yalikuja, ya mviringo kabisa, na wanawake wa kanisani wakanisifu, nami nikavimba kichwa. Lakini mtoto mwenyewe akapoa. Kumwamsha ni kumvuta mguu. Jino likaanza kumuuma, na ikifika saa nne darasani njaa imemrudia, anasinzia. Huyu ndiye Chepngeno ambaye hata kwenda kisimani alikuwa haendi ila kwa kuruka!

Mwezi wa Juni shule yao ikachagua wakimbiaji wa kwenda kwenye michezo Nakuru. Siku hiyo nilikuwa nimempelekea mke wa mwalimu mboga, nikasimama kutazama. Mwaka jana mtoto wetu alikuwa wa kwanza. Safari hii alifika nusu ya uwanja, akaketi kwenye nyasi, akaniambia, "Senge, miguu imekataa." Nililia pale pale mbele za watu, sikujali.

Mwalimu Ndung'u akaniuliza mtoto anakula nini siku hizi na anakujaje shule. Nikamweleza habari za mkate, sukari na gari la Joash, na ndiyo, bado nilikuwa na majivuno kidogo. Hakunicheka. Akasema, "Mama, huyu mtoto umemlisha kama mgeni. Hebu mrudishe nyumbani." Akaahidi kumjaribu tena baada ya wiki tatu.

Nilipofika, Mama alikuwa tayari anatikisa kibuyu. Hakusema kwamba alijua. Aliuliza tu, "Kikombe cha mtoto kiko wapi?" Tangu siku hiyo ni uji wa wimbi asubuhi, mursik, ugali na mboga ya managu, maharagwe, na yai kuku akikubali. Joash nikamshukuru, abebe mikebe yake. Siku za kwanza Chepngeno alikimbia kidogo na kupumzika sana. Wiki ya pili akawa anampita Joash njiani, na mzee akaja kunilalamikia kwamba anawatia ng'ombe wake aibu. Mwalimu akamchukua, wa mwisho katika orodha.

Jumamosi ya juzi tulikwenda Nakuru, mpaka na Mama. Mbio za wasichana zilikuwa za nusu maili. Wa mjini walikuwa na raba nyeupe, wetu miguu mitupu. Mzunguko wa kwanza alikuwa wa sita, nikasema moyoni, basi, Tabora imemchukua. Mzunguko wa pili akaanza kuwapita mmoja mmoja, bila haraka, kama mtu anayewaswaga mbuzi mvua ikikaribia, mpaka hakukuwa na mgongo mbele yake. Mama aliruka na goti lake hilo hilo! Mimi nilipiga vigelegele hata kesho yake kanisani sikuwa na sauti ya kuimba.

Na zawadi unaijua ilikuwa nini? Ratli mbili za sukari. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Chepngeno amesema apelekewe Baba, kwa kuwa ndiye anayeipenda. Utaipata kwa mkono wa Micah, anayerudi kazini Tabora wiki hii, pamoja na picha mpya. Mimi nilimwambia mtoto ajaze hewa mashavuni ili uridhike. Alivumilia kidogo, halafu akapasuka kicheko, na mpiga picha akabonyeza hapo hapo. Kwa hiyo mashavu hutayaona, utaona meno.

Mama anakusalimu na kuuliza kama huko kuna kibuyu. Joash anakusalimu, na ng'ombe wake. Wabusu wifi na wadogo zake Chepngeno kwa ajili yangu.

Desemba njoo, ndugu yangu, nakuomba. Usiku ule utalala kwangu, na asubuhi mtatoka mlangoni pamoja, wewe na binti yako, mpaka lango la shule, maili nne. Ukimshinda, mchukue, sitafungua mdomo. Mungu akulinde njiani na akupe pumzi, maana utaihitaji.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na mtoto wangu,
Chepchirchir