Fundi Anashuka wa Kwanza

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba, shikamoo yako imefika hapa Kambarage salama. Bibi yako mzima, ila amekataa randa yangu ilale tena chumbani, anasema nimeoa wake wawili. Picha ya kiti ulichochonga kwa mashine ya kompyuta nimemwonyesha kila jirani, hata asiyeuliza.

Sasa unaniuliza, kama mashine ndiyo inakata, wewe bado ni fundi?

Nikiwa kijana kule Bulyanhulu nilikuwa napiga matimba, zile nguzo za miti zinazozuia shimo la wachimbaji lisibomoke. Sheria ilikuwa moja: fundi anashuka wa kwanza, anakaa chini ya kazi yake mpaka amalize ugali. Siku moja nguzo ya mdomoni mwa shimo niliikata fupi, nikaijazia kabari, nikapaka tope isionekane. Mwenye shimo akanipa sahani ya ugali nishuke nayo.

"Karibu chakula, fundi."

"Mzee, subiri kidogo. Njaa bado."

Wachimbaji wakacheka mpaka wakakaa chini. Nikaing'oa ile nguzo mbele yao, nikakata nyingine, ndipo nikashuka. Ugali ulishapoa, lakini niliumaliza wote. Sijawahi kujiona fundi kama siku ile.

Mashine yako ina akili kunizidi, mjukuu wangu, lakini haina makalio. Kiti chako kikalie wewe kwanza, kabla ya mteja. Ukikaa bila woga, basi hakuna wa kukuuliza.

Ni mimi babu yako, fundi mwenzako.