Kiganja cha Udongo wa Mti Mama

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa bado nimeduwaa, na sitajifanya nimetulia. Tangu Jumanne naosha mikono kila saa kama mtu aliyechanganyikiwa. Barua hii nitaisoma kwa sauti Jumamosi, mbele ya jumuiya yetu yote hapa Mfaranyaki. Wana haki ya kuyasikia haya.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya kazi? Wewe kwenye kigoda nyuma ya nyumba, kikonyo, kile kijiti kichanga cha mti mama, umekibana mdomoni kama mswaki. Unachonga, unakipachika juu ya mche, unakaza kwa utepe wa nailoni. Nyuma yako umesimama mti mama wenyewe, ule mparachichi ulioota kwa mbegu kabla sijazaliwa, unazaa bila kuchoka. Haukuwahi kuugua hata siku moja. Kila mtu alitaka mche uliobebeshwa kikonyo chake.

Na mche haukutoka kwetu bila kiganja cha udongo wa chini ya mti mama. Hiyo ilikuwa kazi yangu. "Chota, mwanangu," ulikuwa ukisema. "Mtoto haendi ugenini bila udongo wa kwao." Nikachota. Harusi, ubatizo, komunyo ya kwanza, mtu akihamia Majengo, wenzako walipeleka vitenge na masufuria. Wewe ulipeleka mche, na udongo wake umeufunga kwenye jani la mgomba. Watu walikutania, lakini walipokea kwa mikono miwili. Nilijivunia kazi ile kuliko kitu chochote.

Aliyekataa alikuwa Mama Sabina peke yake. Mche aliupokea, udongo akaumwaga barabarani huku tunaona. "Mzee, udongo ninao kwangu, tele." Ulinuna wewe! Hukumpa mkono hata wakati wa kutakiana amani kanisani.

Sasa sikia yaliyotokea. Mvua za mwaka huu zilipokolea, miti yako ilianza kufa. Majani yalikuwa ya njano, matawi ya juu yakakauka, matunda yakabaki madogo kama ndimu. Ilianza ya Majengo, ikaja mpaka kwa majirani zetu wa ukuta kwa ukuta. Watu wakasema miti imekukumbuka, inalia. Wakakubaliana waje Jumamosi na ndoo, wachote udongo wa mti mama wakaitibu nao. Nilikubali, Baba. Nilifurahi hata, kwa kuwa bado wanakuhitaji.

Jumanne akaja bibi shamba, dada wa rika langu. Akafukua mti wa jirani. Mizizi myembamba ilikuwa myeusi, ukiishika inakatika. Akaniuliza miche ilitoka wapi. Nikamweleza kila kitu, na habari ya udongo nikamweleza kwa maringo. Kisha akaomba afukue chini ya mti mama.

Alipekua mizizi myembamba mmoja mmoja: michache ilikuwa na weusi uleule, lakini mipya ilikuwa inachipua kando yake.

"Dada," akasema, "ugonjwa umetoka hapa."

"Mti huu haujawahi kuugua!"

"Ndiyo maana hamkujua. Kimelea kimo kwenye udongo, ila mzizi wa mti huu unakivumilia. Mzee alibebesha juu ya mizizi ya mbegu nyingine, na hiyo haina uvumilivu. Juu ni mti wake, chini ni mti mwingine."

Nikamuuliza kama basi mti mama uko salama. Akatikisa kichwa. "Hata kimelea kina koo zake, kama sisi. Huu mti umezoeana na ukoo mmoja. Kikibadilika, au ukija ukoo mwingine, siwezi kukuahidi kitu."

Baba, ugonjwa huu tuliwapelekea sisi wenyewe. Nyumba kwa nyumba, tukiwa tumevaa nguo za Jumapili. Mkono uliochota ni huu ninaoandikia. Na Jumamosi nilikuwa nataka kuwapa ndoo nzima nzima!

Nilikukasirikia, sikufichi. Nilisimama uani nikakusemesha maneno ambayo binti hamwambii baba yake. Halafu nikakumbuka ulivyokuwa ukiufunga ule udongo taratibu, kama unamfunga mtoto nepi, nikalia mpaka bibi shamba akaniletea maji. Hukujua. Hakuna kati yetu aliyejua.

Jioni nilienda kwa Mama Sabina. Mti wake, ule uliompa wewe, ni wa kijani, umeinama kwa matunda. Nilidhani atanicheka. Akanikalisha, akanimenyea parachichi. "Usinione mjanja, mwanangu," akasema. "Siku ile nilikuwa nimetoka kufagia tu. Sikutaka uchafu." Ameniruhusu nichukue vikonyo kwake. Nitabebesha upya, juu ya mizizi ya mbegu za mahali mbalimbali, ili siku ugonjwa ukigeuka usiikute yote ni dhaifu kwa pamoja. Udongo nitanunua mbali na hapa.

Kwa hiyo ninyi mnaonisikiliza, ndoo zenu rudini nazo tupu. Msichote hata kidogo. Baba yangu aliwapenda, na alichowapa kwa upendo ndicho kinachoua miti yenu. Yote mawili ni kweli, nami sitaficha hata moja ili jina lake libaki safi.

Bado moja, Baba. Siku tuliyokuzika nilipanda mche kichwani pa kaburi lako. Nilichota kiganja cha udongo, nikaufunga kwenye jani la mgomba, nikakupelekea udongo wa kwenu. Jana nilikwenda kuuangalia. Majani ni ya njano. Niliung'oa kwa mikono yangu, nikauchoma, na sasa hapo kwako pako wazi. Nivumilie. Nikikuletea mwingine, utakuja peke yake.

Lala salama, Baba.

Mwanao, aliyekuwa anachota.