Mwenye digrii anabeba ndoo za zege, nimwambie nini binti yangu?

Mshauri, salamu zikufikie. Mimi ni kibarua wa ujenzi, na kuna jambo limenichanganya hadi kichwa kimegoma.

Niliishia darasa la sita, mwaka wa nne huu niko mbali na nyumbani, tunalala sita chumba kimoja, viatu vyenye saruji vimejaa mlangoni, na yote hayo ni ili binti yangu asome chuo kikuu, sasa yuko mwaka wa pili, anasoma takwimu. Hapa kazini tuna mwenzetu tunamwita Profesa kwa sababu ana digrii ya ujenzi, ila ajira kakosa, anabeba ndoo za zege pamoja nasi. Sasa mimi, ulimi hauna mfupa, nikampigia binti simu huku nacheka, "Mwanangu, huku msomi ananipokea ndoo mimi wa darasa la sita!" Na niseme kweli, nilisikia raha kidogo. Yeye hakucheka. Juma lililopita akanipigia, "Baba, yule msomi wako hanitoki akilini. Kuna fundi wa madirisha ya alumini hapa mtaani anataka mtu wa kumfundisha kazi, nafasi ananishikia hadi Ijumaa ya juma lijalo. Ukisema niache chuo, naacha. Ukisema nibaki, nabaki." Nikamwambia ngoja kidogo, nikakata simu, na hadi leo sijampigia.

Ningemwambia aache, lakini juzi tulikuwa tayari kumwaga zege la roshani, ile inayochomoza nje bila nguzo, vyuma tumevilaza chini kama tulivyozoea kwenye sakafu za ndani, Profesa akatua ndoo akasema, "Jamani, roshani ya hivi vyuma vikubwa hukaa juu. Hii itakatikia ukutani."

Msimamizi akamjibu, "Profesa, mhadhara baadaye. Mwaga!"

Akakataa, akasimama mbele yetu mikono kiunoni mpaka mhandisi akaitwa, akatazama, akasema fumueni yote. Nikaangalia pale chini watu watakapokuwa wanapita, nikasema kumbe elimu ni kitu. Lakini kesho yake Profesa alipewa nini? Ndoo ileile, na msimamizi hata salamu hampi. Sasa elimu inafaa au haifai? Nikitazama huku naona ndiyo, nikigeuka naona siyo. Nimwambie nini mtoto?

Kibarua, mbali na nyumbani

MSHAURI ANAJIBU

Kaka, pole kwa kazi. Sasa nisikilize.

Kosa lako si kutojua. Hata waliosoma wanabishana juu ya hili. Kosa lako ni kumpa mwanao nusu ya habari, kisha ukamkatia simu. Ile ya kuchekesha ulimpa yeye, ile ya roshani umeniandikia mimi nisiyekujua. Ulifurahi kumwona msomi ameshuka hadi ulipo. Ni ubinadamu, lakini furaha hiyo isimwamulie mtoto maisha.

Unauliza elimu inafaa au haifai kana kwamba kuna kiatu cha miguu yote. Kujua ni jambo moja, kuajiriwa ni jingine. Profesa anajua, na kazi ya ujuzi wake hana. Yote mawili ni kweli, na binti ana haki ya kuyasikia yote.

Mpigie leo, usingoje Ijumaa. Mweleze ya roshani bila kupunguza. Kisha mpe Profesa simu aseme mwenyewe kama angesoma tena, wewe usimsemee. Halafu muulize binti: amechoka na takwimu, au anaogopa tu yaliyompata Profesa? Ikiwa ni woga, awatafute waliomaliza masomo kama yake miaka miwili iliyopita, awaulize wako wapi. Ikiwa kweli moyo wake uko kwenye alumini, asitoroke chuo kama mwizi. Aende ofisini aombe kwa maandishi kuahirisha mwaka mmoja, mlango ubaki wazi. Na habari za kulala sita chumbani usimtajie siku hiyo. Utakuwa umemfunga kamba shingoni huku ukimwambia yuko huru.

Usimkatie shauri. Ila kuna jambo moja ni lako peke yako. Mtoto wa chuo kikuu anayemuuliza baba wa darasa la sita habari za chuo hatafuti jibu la kisomi. Anataka kujua kama akikosea utamkasirikia. Mjibu hilo kwanza.