Kopo la Unga wa Nguvu na Kifo cha Nguruwe Waziri

KITUO CHA POLISI SKARDAL, NORWE
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Ragnhild Øygarden
Umri: Miaka 56
Kazi: Mfugaji wa mbuzi na mtengenezaji wa jibini
Makazi: Shamba la Øygarden, Skardal ya Juu
Tarehe: Ijumaa, 22 Novemba 2024. Yameanza kuandikwa saa 8:10 mchana
Mwandishi: Sajini Vegard Lunde

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Binti yangu Sunniva, mwenye miaka 19, yuko na timu yake ya skii za thelujini huko Nordvik, kilomita tisini kutoka hapa. Kwenye begi lake kuna kopo la unga. Kesho saa 4:00 asubuhi ana mbio za kilomita kumi, na kabla ya mbio atakunywa unga huo. Nimempigia simu mara kumi na saba tangu juzi. Alipokea mara moja tu. Nimemwomba Afande ampigie yeye, akasema hawezi kumkataza mtu kitu kabla ya kujua ni kitu gani na kimefanya nini. Sawa. Basi Afande aandike haraka, na hayo ya umri na kazi angeyaacha mwishoni.

Kwetu tunatengeneza jibini tangu enzi za bibi yake mume wangu. Maziwa ya mbuzi yakiganda unatoa jibini nyeupe, yanabaki maji ya manjano. Maji hayo nayachemsha kutwa nzima huku nakoroga, mpaka yanakuwa jibini ya kahawia, tamu, ile ambayo kila mtoto wa nchi hii amebebeshwa kwenye mkate wake wa shuleni. Yanayozidi anapewa nguruwe. Hivyo ndivyo ilivyo, na sijawahi kuona nguruwe aliyelalamika.

Mwezi wa Julai mwaka huu alikuja hapa mjini Stian Kvåle, miaka 34, akajiita mshauri wa lishe kwenye ukumbi wa mazoezi. Anawauzia vijana wa klabu ya skii makopo meusi yenye picha ya mbwa mwitu. Sunniva alipoleta la kwanza nyumbani nilivaa miwani nikasoma. Neno la kwanza kwenye orodha lilikuwa maji ya jibini yaliyokaushwa. Yale yale ya nguruwe, Afande! Kopo moja kroni 1,190. Nilimwonyesha mume wangu Oddgeir, akacheka mpaka akakaa chini. Sunniva hakucheka. Alisema, "Mama, hiki ni kitu cha kisayansi. Wewe unapika tu."

Tangu siku hiyo uji wa shayiri haukuliwa. Mayai hayakuliwa. Samaki wa makreli, viazi, mafuta ya ini la samaki ambayo amekunywa kijiko kila asubuhi tangu ana meno mawili, vyote vikawa "vyakula vya kizamani". Jibini yangu alikuwa anaisogeza pembeni kwa kisu kama kitu kilichodondoka mezani. Nilikasirika. Sitaficha, iandikwe nilikasirika.

Sasa nafika kwenye kosa langu, na naomba lisirukwe.

Mnamo tarehe 30 Septemba, Sunniva akiwa mazoezini, nilimwaga unga wa kopo lake kwenye ndoo ya takataka. Nikalijaza maziwa ya unga na shayiri iliyosagwa laini, na vanila kidogo ili asishtuke. Alikunywa hayo kwa wiki mbili bila kujua. Tarehe 12 Oktoba akapanda mlima wa Kleiva kwa skii za magurudumu kwa dakika kumi na nne na sekunde sita. Hakuwahi kufanya hivyo maishani mwake. Stian akampiga picha ameshika kopo, akaibandika ukutani pale ukumbini.

Tarehe 14 Oktoba, saa 11:00 jioni, Stian alikuja nyumbani kunywa kahawa. Alikaa kwenye kiti cha marehemu baba mkwe, akala keki zangu tatu, kisha akaniambia, "Mama, unaona sasa? Mapenzi ya jikoni ni mazuri, lakini Kleiva haipandwi kwa mapenzi." Sunniva alikuwa anatabasamu. Nikashindwa kujizuia. Nikasema, "Imepandwa kwa maziwa na shayiri, kijana. Unga wako upo jalalani tangu mwezi uliopita."

Oddgeir alisema, "Ragnhild, jamani." Stian alicheka tu, akasema mama ana vituko. Binti yangu alikuwa mwekundu hadi masikioni. Alisimama, akasema, "Ulinifanya mjinga mbele ya watu," akapanda chumbani kwake. Nilitegemea angeona maana ya jambo lenyewe. Hakuona. Aliona mama yake anamchezea chakula. Tangu siku hiyo chochote nikisema kuhusu makopo, anatoka chumbani. Njia ya mwongo ni fupi, na mwongo nyumbani kwetu nilikuwa mimi.

Jumatatu, tarehe 18 Novemba, Stian alituma makopo mawili mapya. Yalikuwa na kibandiko chekundu. Nilimsikia akimwambia Sunniva kwenye simu, kwa sababu simu ilikuwa mezani na sauti imefunguliwa: "Hayo ni ya siku ya mashindano tu, bibie. Vijiko viwili. Utapaa." Nilikuwa nimejiapiza kunyamaza.

Jumatano, tarehe 20 Novemba, saa 2:00 asubuhi, Sunniva aliondoka na basi la timu. Alichukua kopo moja. La pili alilifungua, akalinusa, akaliacha stoo.

Siku hiyo hiyo, saa 10:00 jioni, nilikwenda kumlisha nguruwe. Tulimwita Waziri kwa sababu alikula muda wote na hakuna aliyejua anafanya kazi gani. Alikuwa na kilo 110, tungemchinja kwa ajili ya Krismasi. Mbuzi wanakauka maziwa wakati huu wa mwaka, kwa hiyo wiki nzima hakuwa amepata maji ya jibini, na alikuwa ananung'unika. Nikaliona lile kopo stoo. Nikajisemea, si ni maji ya jibini? Basi yarudi kwa mwenyewe. Nikachota vijiko vitatu vya kupimia, nikachanganya na maji na maganda ya viazi, nikamwaga horini. Afande ananiuliza kama nilikusudia kumdhuru. Hapana. Kwetu maji ya jibini ni ya nguruwe, na mtu yeyote wa bonde hili angefanya nilivyofanya. Ila sitadanganya, nilipokuwa namwaga nilifurahi.

Waziri alimaliza yote. Baada ya kama dakika thelathini nilisikia kishindo. Nilimkuta anazunguka banda, anajigonga ukutani, mdomo una povu. Nilimwita Oddgeir. Alikuja mbio akauliza, "Umempa nini?" Nikamwambia. Akasema, "Mungu wangu, mwanamke." Tulijaribu kumtuliza kwa maji, haikusaidia. Alianguka upande wa kushoto saa 11:25 jioni, akapiga miguu, akafa. Kitu cha kwanza nilichofikiria hakikuwa nguruwe.

Nilimpigia Sunniva hapo hapo. Hakupokea.

Alhamisi, tarehe 21 Novemba, saa 3:00 asubuhi, daktari wa mifugo Haldis Brekke alikuja akampasua. Alisema moyo umekufa kwa kukimbizwa, na kwamba moyo wa nguruwe ni mdogo kwa mwili wake, usiharakishe kulinganisha. Nikamwuliza, "Na moyo wa msichana wa kilo 54?" Alichukua unga kutoka kwenye kopo akaondoka nao mwenyewe kwenda maabara.

Saa 4:00 asubuhi Sunniva alipokea simu yangu. Nilimwambia Waziri amekufa kwa unga wa kopo. Akasema, "Umemuua Waziri ili unishinde?" Nikasema, "Mwanangu, nakuapia." Akasema, "Hata mwezi ule ulikuwa unaniangalia machoni kila asubuhi nikinywa." Akakata. Hajapokea tena.

Saa 5:30 asubuhi nilikwenda kwa Stian ukumbini. Kulikuwa na watu wananyanyua vyuma, na sikupunguza sauti. Nilimwambia nguruwe wangu amekufa. Akasema, "Mama, nguruwe si mwanariadha." Watu wakacheka. Nikamwomba ampigie Sunniva amwambie asinywe. Akasema hawezi kumvuruga mchezaji siku mbili kabla ya mbio kwa sababu ya hadithi za zizini, na kwamba yote yaliyomo yameandikwa kwenye kopo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hawakusema kwamba hicho kibaya kitanikalia kwenye kiti cha baba mkwe na kula keki zangu.

Nilimpigia pia kocha wa timu. Alikuwa muungwana. Alisema, "Mama Sunniva, tulisikia habari ya maziwa na shayiri. Tafadhali mwacheni binti apumue." Kumbe wameshahadithiana wote.

Leo saa 6:40 mchana daktari Haldis ameniletea karatasi hii. Inasema ndani ya unga huo kuna dawa ya kuchochea moyo, kali, ambayo haikuandikwa kwenye kopo, na kwamba haikuchanganywa sawasawa, hivyo kijiko kimoja kinaweza kuwa hafifu na kingine kikawa mara nyingi zaidi. Yeye mwenyewe amempigia Sunniva, na yeye hakupokelewa. Nadhani anafikiri nimemtuma.

Ndiyo maana niko hapa. Mimi siaminiki tena nyumbani kwangu. Afande anaaminika. Sitaki fidia ya nguruwe, Stian mtamshughulikia kwa wakati wenu. Nataka mtu mwenye sare apige simu moja.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda, mazuri na mabaya, na hakuna aliyenisukuma kuyasema. Sasa naomba Afande aweke kalamu chini apige simu.

MAELEZO YA AFISA

Saa 9:02 alasiri nilimpigia Sunniva Øygarden kwa simu ya kituo. Alipokea. Nilijitambulisha. Alisema, "Kama mama ndiye amekuleta kwenye haya, mwambie nimesikia." Nilimsomea karatasi ya daktari wa mifugo neno kwa neno. Aliuliza kama ni kweli mapigo ya moyo 160 kwa dakika mtu akiwa amekaa kitandani si ya kawaida. Alisema alijaribu vijiko viwili leo saa 7:30 mchana ili kuzoea kabla ya kesho, na alidhani ni woga wa mashindano.

Niliita gari la wagonjwa kwa simu nyingine saa 9:06. Shahidi alisimama akachukua mkono wa simu mezani bila ruhusa yangu. Sikumzuia. Nilimsikia akisema, "Mimi hapa. Lala chini, fungua mlango kwanza kisha ulale. Sikugombezi." Aliendelea kuzungumza hadi wahudumu walipoingia chumbani kwa binti saa 9:19. Alikuwa anamtajia mbuzi mmoja mmoja kwa majina, na nani ana mimba.

Shahidi hakusaini wakati huo. Nilimpeleka hospitali kwa gari la kituo. Stian Kvåle alihojiwa jioni hiyo na makopo yaliyobaki yakachukuliwa. Kocha ameyakusanya mengine matatu kutoka kwa wachezaji wengine wa timu.

Maelezo haya yamesomwa kwa shahidi na kusainiwa wodini Jumamosi, tarehe 23 Novemba 2024, saa 4:00 asubuhi. Binti alikuwa macho, ameunganishwa kwenye mashine ya moyo. Kabla ya kusaini, shahidi aliomba iongezwe sentensi moja, akaisema kwa sauti ili na mgonjwa aisikie:

"Ile tarehe 14 Oktoba nilisema kweli, lakini niliisema ili nimshinde Stian, na mwanangu ndiye aliyelipa."

Sahihi ya shahidi: R. Øygarden
Sahihi ya afisa: V. Lunde, Sajini