Kisanduku Kilichonyamaza

Karakana, meza ya dirishani,
Jumanne, tarehe 14, kabla ya chai ya saa nne.

Mpendwa mjukuu wangu, mke mdogo, na sasa bosi wangu pia,

Salamu nyingi, nyingi kuliko kawaida, na ukiona babu yako anazidisha salamu ujue ana jambo. Hujambo? Kifua kimepona? Huko baridini ulikokwenda kutafuta cheti cha pili unalala na soksi, au unangoja uumwe ndipo ukumbuke kwamba mzee alisema? Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto bado linagoma likiona ngazi. Bibi yako ni mzima wa afya na wa mdomo. Jana kaniita mzee asiye na haya, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe nikamwambia ana haki.

Ningekupigia simu, lakini najijua. Kwenye simu ningekutania mpaka salio liishe, halafu nisingizie mtandao. Karatasi haikatiki.

Barua yako kwa Mama Pacha, fundi wako wa programu, imefika. Anayo mkobani, ameikunja mara nne. Umemwambia aache kazi mwisho wa mwezi, kwa kuwa kile kisanduku cha kulinda friji ya chanjo pale zahanati kilinyamaza siku iliyopasa kipige kelele. Mjukuu wangu, umemfukuza asiyehusika. Aliyeharibu ni mimi.

Mambo haya ya kompyuta unayajua kuliko mimi, ila hujui nilivyoyafanya, kwa hiyo vumilia.

Wiki ile pacha mmoja alilazwa. Mama Pacha akaondoka siku mbili, akaniachia kazi moja tu. Programu ya kisanduku alikuwa amekwisha kuiandika. Mimi niipike kwenye kompyuta kubwa, yaani niigeuze iwe lugha ya mashine, kisha niihamishie kwenye kisanduku. Akaniambia, "Babu, ikigoma iache. Usiiguse hata kwa kuibembeleza." Nikaitikia kama mtoto wa shule, yaani bila kusikia.

Ikagoma. Ikaandika kwamba kuna faili hailioni. Nikafungua ile folda ninayoiita kabati la kisanduku, mlimowekwa vitu vyake peke yake kwa sababu chipu yake si ya kompyuta kubwa. Maktaba iliyotakiwa, yaani ule mkusanyiko wa vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa, ilikuwemo. Kilichokosekana ni kifaili chake cha maelezo, kinachoiambia programu ndani ya maktaba mna nini na kila kitu kimekaa wapi. Ni kama kuingia stoo iliyojaa bila karatasi ya kuonyesha rafu.

Mwenye akili angengoja. Lakini nilikuwa nimekwisha kumwahidi sista mkuu wa zahanati kwamba Alhamisi atapata kisanduku chake, tena niliahidi kifua mbele. Nikapekua kompyuta kubwa yote, nikakuta kifaili chenye jina lile lile kwenye rafu zake yenyewe. Nikaielekeza programu ikichukue hapo. Ikapikika bila hata kuguna. Nilipiga makofi, nikacheza kidogo, goti na yote.

Sikujua, au tuseme sikutaka kujua, kwamba kifaili kile kilikuwa cha toleo jipya na maktaba ya kisanduku ni ya zamani. Jina moja, mpangilio tofauti. Programu ikaenda kutafuta kile kiwango cha joto cha kupigia king'ora mahali ambapo hakipo, ikaokota namba nyingine isiyo na maana yoyote.

Mezani nilikijaribu kisanduku. Joto lilisomeka sawasawa na kipimajoto cha ukutani. King'ora sikukijaribu. Mama Pacha alikuwa ameniandikia nikisogeze kisanduku karibu na birika la moto nisikie kikilia, lakini kile kitu kinalia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu, na mimi nilikuwa nataka kusinzia.

Jumamosi umeme ukakatika zahanati. Friji ikapata joto, kisanduku, kwa betri yake, kikaonyesha digrii kumi na saba waziwazi, ilhali chanjo hazitakiwi kupita nane, kikakaa kimya. Mlinzi alikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Angesikia king'ora angewasha jenereta. Jumatatu asubuhi sista akazitoa chanjo zote akazitia kwenye ndoo ya vitu vya kuteketezwa. Nilikuwepo, nilikuwa nimekwenda kusifiwa. Kina mama kama thelathini walikuwa kwenye mabenchi na watoto mapajani, wakaambiwa warudi mwezi ujao. Mmoja alikuja kwa miguu tangu alfajiri. Aliponipita akaniamkia, "Shikamoo mzee." Nikageuka kama niliyeitwa kwingine.

Mama Pacha alilitafuta kosa siku tatu. Akakagua nyaya, akakagua kihisi joto, akaisoma programu yake mstari kwa mstari. Siku ya tatu akaukuta mstari wangu, ule unaoelekeza kwenye rafu za kompyuta kubwa. Akageuka.

"Babu, ulipita hapa?"

"Mimi? Mashine yenyewe kuiwasha mpaka nisome dua."

Alinitazama. Kisha akaufuta, akatafuta kifaili kinacholingana na maktaba ya kisanduku, akapika upya, akasogeza birika. Kisanduku kikalia. Halafu akakaa kukuandikia kwamba kosa lilitoka mikononi mwake. Sijui alistahi mvi zangu au alikumbuka mwenye karakana ni mjukuu wangu. Vyovyote vile, nilimwacha aandike. Na kalamu nikamwazima.

Kalamu hiyo siigusi tena. Hii ni ya bibi yako.

Basi nakuomba, mbakize kazini, na umwombe radhi wewe mwenyewe, usinitume mimi. Ufunguo wa chumba cha kompyuta nimeurudisha. Nitabaki na kulehemu nyaya, kazi ninayoijua. Jana nilikwenda kumweleza sista. Hakunigombeza. Alinipa kiti, na hicho kiti ndicho kilichonichoma. Watoto wale watachanjwa Jumatatu; nimeomba nikasaidie kupanga mabenchi. Amesema, "Njoo, ila usiguse kitu kingine."

Nisalimie shangazi yako unayekaa naye, na mumewe mwambie drafti ile alishinda kwa kuiba. Msalimie na yule kitinda mimba wao mwenye maswali. Bibi yako anakubusu. Mungu akupe kazi inayokutii na wazee wanaosikia wakiambiwa.

Wako akupendaye, ingawa wiki hii hapendeki,
Babu

Nyongeza: Barua nimempa Mama Pacha aisome na aipeleke posta yeye, nisije nikairudisha mfukoni. Amesoma hadi mwisho, akavua miwani, akasema yote ni kweli ila kuna siku tatu nimezipita mbio. Ni kweli. Siku zile tatu alizokuwa akitafuta kosa, mwanawe bado yuko wodini, mimi nilikaa kwenye stuli ya pembeni nikimcheka. Nilimwita fundi wa vyeti. Nilimuuliza kama chuoni walimfundisha kutafuta au kupoteza. Na muda wote huo nilikuwa najua ni mimi.