Farasi Aliyeogopa Kamba

Kalemie

Mdogo wangu Antoine, pole na baridi ya Pepa. Kuna jambo nimekuficha tangu ulipofukuzwa kwenye shamba la ng'ombe, na daktari wa hapa ameniambia nisichelewe kuandika.

Karibu na stesheni kuna farasi anayesubiri lori la kumpeleka huko kwenu. Akiona kamba mkononi mwa mtu, anatetemeka mwili mzima. Mtunzaji wake alinicheka: "Papa, huyu atakuua."

"Nitakufa hata bila yeye. Lete kiti."

Nimekaa naye asubuhi nne, kamba magotini. Akitulia kidogo, naiweka chini apumzike, kisha naishika tena. Leo aliinamisha kichwa, akainusa, akaendelea kutafuna majani kando ya kiti changu. Kesho nitarudi, hata wakinibeba, mpaka akubali kufungwa bila woga.

Msalimie Mama Rosa na watoto. Nawawaza kila siku. Wewe ulimfundisha vizuri farasi wetu wa kule shambani, Antoine. Jioni ile kabla hajamwangusha bosi, mimi ndiye niliyempiga kwa kamba, na ulipolaumiwa nikanyamaza.

Kaka yako