Dakika Arobaini na Tano Kando ya Mkwe

Jumanne, Lurambi. Mvua ya saa tisa imekuja na mawe, imepiga mabati hadi nikashindwa kusikia hata hasira zangu. Sasa imetulia. Mimi bado.

Wiki nzima nimekuwa nikiiuliza simu swali moja: kutoka uwanja wa ndege wa Kisumu hadi Nairobi ni mbali kiasi gani? Jibu ni lile lile. Angani, kilomita mia mbili sitini na kitu, dakika arobaini na tano hivi. Kwa barabara ni siku nzima, na nyonga ya Mama haiwezi kukaa siku nzima. Tulipompeleka Eldoret tu kupigwa picha alilia njiani, na Mama si mtu wa kulia. Upasuaji ni Ijumaa, huko Nairobi. Akiukosa, daktari amesema huenda asisimame tena.

Basi nikakata tikiti mbili: ya Mama, na ya mume wangu Wekesa amsindikize. Nikachagua viti vinavyopakana ili amsaidie kuinuka. Nikajiona mjanja.

Mjanja gani! Mimi Mluhya mzima, nimemketisha mama mkwe ubavuni mwa mkwe wake.

Huku kwetu hao wawili hawapeani hata mkono. Wekesa akija, Mama hujikokota na mkongojo wake hadi jikoni, akamsalimie kutoka nyuma ya mlango. Leo nilipomweleza mpango alijifunika leso mabegani kana kwamba Wekesa ameshaingia.

"Tufungwe mikanda bega kwa bega, mimi na mkwe wangu? Afadhali nibaki na nyonga yangu."

Nikamwambia ni dakika arobaini na tano tu, chai haijapoa mmefika. Akasema aibu haina dakika. Nikampigia Wekesa anisaidie kumshawishi. Akashusha pumzi kama aliyetua gunia, akakiri kwamba tangu Jumapili hali chakula vizuri kwa kuwaza hicho kiti. Kumbe wote wawili! Nikapendekeza Wekesa akae nyuma kabisa, Mama mbele. Mama akauliza ni nani basi atakayemshika akiinuka.

Nikatoka nje nikilaani mila.

Lakini wacha niseme ukweli. Si mila iliyomweka Wekesa kwenye kile kiti, ni woga wangu. Mimi ndiye binti, mimi ndiye ninayemwogesha, safari hii ilikuwa yangu tangu mwanzo. Sijawahi kupanda ndege, na nikiwaza tu inavyoacha ardhi, nafumba macho. Ndiyo maana niliisumbua simu kila siku, nikitumaini umbali utapungua.

Haupungui.

Kwa hivyo nimefuta tikiti ya Wekesa, nimekata yangu. Jirani atatupeleka Kisumu Alhamisi asubuhi. Nitapanda. Nikitetemeka nitatetemeka nikiwa ndani, mkanda umefungwa, na Mama atafika.

Nilirudi kumwambia kwamba ni mimi nitakayekaa naye. Kuhusu woga sikusema neno. Aliendelea kuchambua kunde zake, kisha akasema bila kuinua macho:

"Basi mimi nitakaa dirishani. Wewe kaa huko upande wa njia, usije ukaona chini."